Matamko ya Kudhuru: Uteuzi na Majina Yake

Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliochapishwa Marekani mwaka 1974, mtamkaji, yaani mhusika mwenye maneno ya nguvu, huanza na matamko machache ya kudhuru. Ayateueje, nasi tuyaiteje?

Tuchukue toleo la 2014. Vishale vitatu vya nguvu havikosi shabaha. Mikono ya moto huunguza wote walio mbele, ila anayekwepa hupata nusu tu ya dhara. Kwa hesabu ya dadu, wastani wa kila tamko ni 10.5. Hivyo basi, vishale vyafaa kwa adui mmoja, moto kwa kundi.

Suala la majina ni zito zaidi. Katika Kiswahili cha Likasi, munganga hutibu, mulozi hudhuru. Na bulozi ni shutuma inayoweza kumfukuzisha mtoto nyumbani. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 humwadhibu kwa kifungo anayemtuhumu mtoto uchawi. Kwa hiyo mfasiri asimwite mchezaji kijana mulozi, hata kwa mzaha. Atumie majina yanayotaja tendo lenyewe: tamko, kishale, moto.