Mkondo wa Nungwi na Safari Yetu ya Pemba

Kila chama chetu kinapoandaa safari ya masomo Zanzibar, mjadala huwa uleule: tukishafika Unguja, Pemba tuende kwa ndege au kwa boti? Wenzetu wenye asili ya Pemba hucheka. Kwao boti ndiyo njia ya kwenda harusini, mazikoni na kwenye mavuno ya karafuu. Wazazi wao walioko huku Marekani hawacheki, kwani wanakumbuka.

Tuanze na bahari yenyewe. Boti ikitoka bandari ya Malindi, mjini Unguja, hupanda kaskazini ikiambaa pwani ya magharibi, na kisiwa huikinga. Abiria hula na kuzungumza. Mambo hubadilika ikishapita Nungwi. Hapo kinga imekwisha: mashariki ni Bahari ya Hindi tupu, na mawimbi yaliyotoka mbali hupenya kati ya visiwa viwili. Mkondo nao huelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kaskazi upepo hupambana na mkondo, na mawimbi huwa mafupi na ya kusimama. Wakati wa kusi upepo na mkondo hufuatana, lakini upepo ni mkali na mawimbi huipiga boti ubavuni. Likizo yetu kubwa ni Juni hadi Agosti. Yaani sisi huvuka kusi ikiwa imepamba moto.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama hukohuko ikielekea Pemba. Iliruhusiwa kuchukua abiria wasiofika 700. Tume iliyoundwa baadaye ilieleza kuwa waliokufa na waliopotea walizidi 1,500. Baadhi ya walionusurika walielea juu ya magodoro. Wengi waliusema mkondo, lakini mkondo upo siku zote. Kilichozidi usiku ule ni watu na mizigo.

Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilipinduka karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Boti hiyo inatuhusu sisi tulio huku. Ilijengwa Marekani, na kwa miaka mingi ilivusha abiria kwenye maji ya Puget Sound, jirani na Seattle, maji yaliyozungukwa na nchi kavu. Baadaye ikauzwa na kupelekwa kwenye bahari ya kusi. Chombo ni cha bahari yake.

Mwaka jana kundi letu lilivuka mwezi wa Julai. Kabla ya Nungwi mabaharia walipita wakigawa mifuko, na hapakuwa na haja ya kuuliza ya nini. Waliozoea walitoa malimau na kuyanusa. Mwenzetu mmoja alikuwa ameinamisha kichwa kwenye simu yake. Bibi aliyekaa naye akamwambia, “Mwanangu, weka hiyo simu. Tazama mbali, usitazame chini.” Kisha akampa kipande cha tangawizi. Siku hiyo tulijifunza neno “kuchafukwa” bila kufungua kamusi.

Msimamo wetu ni kwamba safari ya boti iendelee, kwa masharti. Tuvuke mchana. Kila mmoja awe na tiketi yenye jina lake, ili hesabu ya abiria iwe ya kweli. Tukae katikati au nyuma, ambako mtikisiko ni mdogo, na tujue majaketi ya kuokolea yalipo kabla boti haijang'oa nanga. La muhimu zaidi, ratiba iwe na siku mbili za akiba Unguja, ili tukiona chombo kimejaa kupita kiasi, au tukisikia safari imezuiwa kwa sababu ya upepo, tuweze kungoja bila kusukumwa na tarehe ya ndege ya kurudi.

Walimu wetu tunawaomba waziingize siku hizo mbili kwenye bajeti ya mwaka huu. Wanachama mnaotaka kwenda, anzeni kuzungumza na wazee wenu sasa.