Mafuta Yaliyomwagika Si Riziki



Mwezi huu tuongee juu ya hatari inayokuja na sura ya bahati. Lori la mafuta limeanguka, petroli inamwagika, majirani wanakimbia na majerikeni. Na wewe nyumbani huna hata pesa ya mkaa. Utafanyaje?

Hapa Kampala, usiku wa tarehe 29 Juni 2013, lori la mafuta liligongana na gari dogo kule Namungoona. Watu wakaja kuchota, wengi wao vijana wa bodaboda. Moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 30. Tarehe 22 Oktoba 2024 yakarudi yale yale Kigogwa, barabara ya Bombo: zaidi ya 10 walikufa siku ile, na wengine wakafia hospitalini.

Mbona moto huwaka hata kama hakuna aliyewasha kiberiti? Petroli hutoa mvuke usioonekana. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini, huingia mitaroni na hata nyumbani. Cheche moja ya pikipiki au jiko la mkaa inatosha.

Basi usiseme, "Mimi sichoti, natazama tu." Ndugu wa Kivu wanakumbuka Sange, tarehe 2 Julai 2010. Wengine walikuwa wamekaa wakitazama mpira wa Kombe la Dunia, moto ukawafuata huko huko. Walikufa zaidi ya 230. Na Nairobi, tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka bomba la eneo la viwanda, ikapita mtaroni mpaka mtaa wa Sinai. Karibu watu 100 walikufa. Wanaokaa Namuwongo, jirani na viwanda, wasikie.

Ukisikia harufu kali ya mafuta au dawa za kiwandani:

- Ondoka na watoto kwa miguu, mkielekea upande unakotoka upepo.
- Usiwashe pikipiki, sigara wala jiko.
- Ukishafika mbali, piga simu 999 au 112.
- Asidi ikikurukia, vua nguo, jimwagie maji safi mengi kwa dakika 20, halafu nenda hospitali.

Jerikeni moja ya petroli italeta posho ya siku chache. Baba akifa, nani ataleta ya mwezi ujao? Zungumzeni hayo leo jioni, watoto wakiwepo.