Mtoto akichelewa, mume naye apimwe

Lodwar hadi Kakuma, mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe: Mama Ekai, Mama Akiru. Asiyejaliwa mtoto huulizwa "Mama nani?" sokoni, kwenye bomba la maji, hata kliniki. Kila mwezi damu ikirudi, huzuni huanza upya, na wengi huificha. Lawama humwangukia yeye, pengine mke wa pili huletwa kabla mume hajapimwa.

Utasa, neno linalouma, kitabibu ni mimba kukosa kuingia baada ya miezi 12 ya kukutana kimwili bila kinga. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kuwa mtu 1 kati ya 6 huupitia. Chanzo chaweza kuwa mbegu za mume, au mirija ya mke iliyozibwa na kisonono au klamidia isiyotibiwa. Basi waende wote wawili kituo cha afya kilicho karibu, ambako wanaweza kuelekezwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, Lodwar. Mke wa miaka 35 au zaidi asingoje mwaka. Miezi 6 yatosha.

Kulea mtoto wa ndugu si jambo geni hapa. Anayetaka mtoto awe wake kisheria huomba mahakamani kumwasili, chini ya Sheria ya Watoto ya 2022. Maelezo hutolewa na afisa wa watoto.