Juu ya nini televizio ilikosa rangi?

Wamoja wanauliza: katika miaka ya 1980, televizio iliyonunuliwa Zambia ikifika Lubumbashi, juu ya nini ilitoa picha nyeusi na nyeupe, na sauti hakuna, kelele tu? Wengi walisema fundi ni mwizi. Sisi tunasema hapana.

Picha ya televizio ni mistari inayochorwa mmoja mmoja, mbio sana. Zambia na Zaire zote zilichora mistari 625, picha 25 kila segonde. Basi picha ilikuja vizuri. Shida ni rangi. Zambia ilifuata PAL ya Wajerumani, Zaire ilifuata SECAM ya Wafaransa. Zote mbili zilianza kwao 1967. PAL inatuma habari mbili za rangi pamoja katika kila mstari. SECAM inatuma moja tu, ya pili inangoja mstari unaofuata; mashini inashika ile ya kwanza mpaka mwenzake ifike. Mashini ya PAL haikujua desturi hiyo, ikaacha rangi yote.

Na sauti? Ya Zambia ilikaa megahezi 5.5 juu ya picha, ya Zaire 6.5. Mashini ilitega sikio pahali pasipo mtu! Fundi aliweza kusogeza sauti, lakini rangi ilidai kipande kingine ndani, na kipande kile kilikuwa na bei.