Ladha ya hamira kwenye uraka

Uraka, maji ya mabibo yaliyochacha, huwa na ladha ya hamira kwa sababu tatu: chachu haijatua, chachu imetiwa kupita kiasi, au chachu imekufa na kuozea mle mle. Kilwa hadi Lindi mjini, msimu wa korosho unapofika, swali linaloulizwa kila ndoo inapofunuliwa haligusi hata moja kati ya hizo. Huulizwa: viongezwe vijiko vingapi vya hamira uraka ukolee, kisha ladha yake ikatwe kwa ndimu au kwa magadi? Kosa la kwanza ndilo linalozaa la pili.

Hamira haileti ukali. Ukali ni sukari iliyogeuzwa: chachu hula sukari ikatoa kilevi na gesi. Gramu 17 hivi za sukari katika lita moja huzaa asilimia 1 ya kilevi. Maji ya mabibo yenye gramu 100 za sukari kwa lita yataishia karibu na asilimia 6, yatiwe paketi moja au tano. Wakwezi kumi wakipanda mnazi mmoja, madafu hayaongezeki. Yanashuka upesi tu. Imani hii haifi kwa sababu jioni ya kwanza ndoo ya paketi tano kweli huwa kali kuliko ya paketi moja, maana imetangulia. Ikingojwa kesho kutwa, zote mbili zimefika pale pale, ila ya paketi tano ina tope zaidi na inanuka donge la maandazi. Paketi ya gramu 11 hutosha lita 20. Tena bibo halidai hata hiyo: ganda lake lina chachu ya porini, kama kibuyu cha mgema kilivyo na chachu ya jana inayochachusha tembo la leo bila duka.

Dawa zenyewe ni balaa. Ndimu haiui chachu. Huongeza uchachu wa ndimu juu ya ladha ya hamira. Magadi hupunguza asidi inayokilinda kinywaji dhidi ya bakteria, na kuacha ladha ya sabuni. Kuchemsha ndiko kubaya zaidi: chachu hufa kwenye nyuzi 60 hivi, seli zake hupasuka na kumwaga yaliyomo, na kilevi, ambacho huchemka kwenye nyuzi 78, hupaa na mvuke. Anayechemsha ili atoe hamira anatoa kilevi na kubakiza hamira.

Ulimi hutambua chanzo. Ladha ya unga mbichi ni chachu inayoelea bado. Ladha ya supu ya nyama au mpira ni chachu iliyokufa baada ya kukalia mashapo siku nyingi katika joto. Siki si kosa la hamira bali ni bakteria waliopata hewa, na haina tiba. Hiyo ni ya kachumbari. Ukakasi wa kooni ni wa bibo lenyewe.

Mengine ni mafupi. Hamira hutiwa kidogo au haitiwi kabisa. Ndoo hukaa kivulini, imezungushiwa gunia bichi, kwa kuwa joto la nyuzi 30 na zaidi huharakisha na kuharibu. Kifuniko hulegezwa gesi itoke. Dumu lililokazwa hupasuka. Povu likishuka, ndoo huachwa itulie usiku mmoja bila kutikiswa. Ndipo uraka humiminwa polepole kwenye chombo safi, na kata haizamishwi hadi chini, maana vidole viwili vya tope la rangi ya udongo vilivyolala pale ndiyo hamira yote inayolalamikiwa. Hunywewa ndani ya siku mbili tatu. Tope hilo, likiwa bado bichi, kijiko chake kimoja huanzisha ndoo inayofuata.