Walimu Wetu wa Hewani

Leonard Mambo Mbotela alipoaga dunia Februari 7, 2025, wengi walimlilia mtangazaji. Ukweli ni kwamba tulimzika mwalimu.

Kipindi chake, 'Je, Huu ni Ungwana?', kilianza mwaka wa 1966 katika Sauti ya Kenya. Kiswahili nacho hakikuwa somo la lazima la mtihani hadi mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985. Kwa takriban miongo miwili, basi, Wakenya wengi walikisikia Kiswahili fasaha redioni kuliko darasani.

Hali kadhalika katika kandanda, ambayo pia aliitangaza. Msikilizaji haoni uwanja; maneno kama 'huyu' na 'pale' hayamfai kitu. Mtangazaji hana budi kutaja jina, upande na tendo, papo kwa papo. Hapo ndipo lugha hupimwa.

Leo vituo ni vingi, lakini baadhi ya watangazaji huchanganya lugha hata sentensi isiwe na kichwa wala miguu. Walimu, siku ya michezo mpeni mwanafunzi dakika tano amtangazie mwenzake aliyeupa uwanja mgongo. Atang'amua kuwa ufasaha una jasho lake.