Afya yako na dumu lako la maji

Afya ni nini? Tangu mwaka 1948, katiba ya Shirika la Afya Duniani inasema si kukosa ugonjwa tu, bali ni uzima wa mwili, wa akili na wa maisha yako na wenzako.

Hapa kambini, anza na dumu. Maji huweza kutoka bombani yakiwa safi, yakachafukia nyumbani, ndani ya dumu lenye utelezi. Ndipo kuhara na kipindupindu huingia. Kabla ya kuteka, tia sabuni, maji kidogo na changarawe, tikisa kwa nguvu, kisha suuza. Lifunike. Mimina maji, usichovye kikombe.

Nawa mikono kwa sabuni ukitoka chooni na kabla ya kumlisha mtoto.

Na moyo ukilemewa, zungumza na unayemwamini. Hiyo nayo ni afya.